Mzaha Ndani ya Hadithi Nzito: Kicheko Kinapoongeza Uzito

Katika tamthilia ya Macbeth, mfalme anauawa usiku akiwa mgeni katika nyumba ya muuaji wake. Muuaji, Macbeth mwenyewe, na mkewe bado wana damu mikononi pale lango linapogongwa. Linagongwa tena, na tena. Hadhira imebana pumzi. Hapo Shakespeare anamleta jukwaani bawabu mlevi, anayejikokota kwenda kufungua huku akijifanya ndiye bawabu wa lango la jehanamu, na kwa kila hodi anamkaribisha mdhambi mpya. Akishafungua, anaanza kueleza jinsi pombe inavyomfanyia mwanamume: inampa hamu, kisha inamnyang'anya uwezo.

Mshairi na mhakiki Samuel Taylor Coleridge hakuamini kwamba maneno hayo ya bawabu yalitoka kwa Shakespeare. Aliona yalichomekwa na mkono mwingine ili kuwafurahisha makabwela ukumbini. Wahakiki wengine wametoa sababu ya kiufundi: mwigizaji anahitaji muda wa kunawa damu na kubadili nguo. Maelezo yaliyozoeleka zaidi, yale ambayo wanafunzi wengi wa fasihi wamefundishwa, ni kwamba bawabu yupo ili hadhira ipumue kidogo kabla ya kurudi kwenye tanzia.

Maelezo hayo ya kupumua yana ukweli, lakini ni ukweli mdogo, na mwandishi anayeyachukua kuwa ndiyo yote huishia kuharibu hadithi yake. Anaanza kunyunyiza vichekesho kila baada ya kurasa kadhaa, kana kwamba huzuni na kicheko ni vitu viwili vinavyopimwa kwenye mizani. Ninavyoona mimi, mzaha mzuri katika hadithi nzito hutoka kwenye jeraha lile lile linalotoa machozi, na ndiyo maana huufanya uzito wa hadithi uonekane vizuri zaidi.

Tazama anachosema bawabu. Anadhani anatania anaposema analinda lango la jehanamu. Sisi tunaojua kilichotokea ndani tunajua kwamba hatanii hata kidogo: nyumba ile imekuwa jehanamu usiku huu, na yeye peke yake ndiye anayeitaja kwa jina lake, bila kujua. Halafu anachelewesha. Kila sentensi ya upuuzi wake inasogeza mbele wakati ambapo maiti itagunduliwa. Na nani anayegonga? Macduff, mtu ambaye mwishoni atamuua Macbeth. Adhabu iko mlangoni, na kinachoizuia kuingia ni mlevi mwenye maneno mengi.

Mwandishi Thomas De Quincey aliandika insha mwaka 1823 kuhusu hodi zile. Alijiuliza kwa nini, tangu utotoni, zilimpa hofu ya ajabu. Jibu lake ni kwamba wakati wa mauaji ulimwengu wa kawaida ulikuwa umesimama, na hodi zinaurudisha. Mapigo ya maisha yanaanza tena kudunda, na hapo tu ndipo tunapohisi ukubwa wa lile lililotendeka wakati yamesimama. De Quincey alizungumzia mlio wa lango, lakini hoja yake inamfaa bawabu pia. Mtu anayelalamika kuhusu baridi na kuomba bakshishi ya mlangoni ni ulimwengu wa kawaida wenyewe umerudi, haujui lolote, na kutojua kwake ndiko kunakotutisha.

Kwa hiyo tukio moja la kuchekesha linafanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Linalegeza mwili wa mtazamaji. Linarefusha taharuki. Linasema ukweli ambao wahusika wakuu hawawezi kuusema. Tatizo linaanza pale tunapoiona kazi ya kwanza tu na kuzisahau zile nyingine.

Na hata hiyo kazi ya kulegeza haijaeleweka vizuri. Wazo kwamba kicheko ni njia ya kutoa nguvu iliyojikusanya mwilini liliandikwa na mwanafalsafa Herbert Spencer mwaka 1860, na Sigmund Freud akaliendeleza kwa namna yake katika kitabu chake kuhusu mzaha cha mwaka 1905. Tukilichukua kijuujuu, tunafikiri kwamba mtu akishacheka, presha imetoka na habari imeisha. Lakini mtu aliyelegea ni mtu asiye na ulinzi. Hadhira iliyokaa kwenye woga kwa muda mrefu hujikaza, na aliyejikaza haumii sana. Mfanye acheke, mabega yashuke, mikono ilegee, kisha mlete mjumbe mwenye habari mbaya. Kicheko kilikuwa maandalizi ya pigo.

Upande wa pili ni mbaya zaidi kwa mwandishi. Simulizi isiyoruhusu kicheko hata mara moja huchosha hisia mpaka zinakufa ganzi, na hadhira isiyopewa mahali pa kucheka hujitafutia yenyewe. Mahali inapopapata, mara nyingi, ni kwenye kile kifo ambacho mwandishi alikipanga kuwa kilele. Nani hajawahi kuona watu wakizidiwa na kicheko katikati ya tukio la msiba jukwaani, kwa sababu tu mwigizaji alikohoa vibaya au jeneza liligonga mlango? Kicheko kile kilikuwa kimelimbikizwa muda wote, kikisubiri upenyo.

Kuna jambo jingine linaloviunganisha mzaha na taharuki, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Vyote viwili vimetengenezwa kwa kusubiri. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi, alieleza kicheko kuwa hisia inayozaliwa pale matarajio yaliyokazwa yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Ukikaza matarajio hayo hayo na usiyaachilie, una taharuki. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alipenda kueleza hivi: watu wamekaa mezani wanapiga soga za kawaida, chini ya meza kuna bomu, na watazamaji wanajua bomu lipo. Soga ile ya kipuuzi sasa haivumiliki. Unataka kuwapigia kelele wanyamaze watazame chini. Mwandishi wa vichekesho na mwandishi wa taharuki wanafanya kazi ile ile ya kuamua nani anajua nini, na lini. Ndiyo maana mtu aliye stadi katika kimoja mara nyingi ana mkono mzuri katika kingine.

Si kila jadi ya maigizo iliweka vyote ndani ya hadithi moja. Katika sherehe kuu za Dionisio, mungu wa mvinyo, huko Athens ya kale, mtunzi wa tanzia alileta tanzia tatu, kisha mchezo wa nne wenye kundi la masatiri, viumbe nusu mtu nusu mnyama, wenye matusi na vurugu. Wa aina hiyo uliotufikia mzima ni mmoja tu, wa Euripides, kuhusu jitu lenye jicho moja. Japani nayo ilikuwa na vichekesho vya kyogen, vilivyochezwa katikati ya michezo mizito ya noh. Hapo kicheko kilipewa chumba chake, jirani na msiba, na mlango kati yao.

Uingereza ya karne ya 16 ilivunja ukuta huo, na si wote waliofurahi. Mshairi Philip Sidney, katika kitabu chake cha kutetea ushairi kilichochapishwa mwaka 1595, alilalamika kwamba watunzi wanawachanganya wafalme na wachekeshaji. Lakini msome kwa makini: lawama yake ni kwamba mchekeshaji anasukumwa ndani kwa kichwa na mabega wakati jambo lenyewe halimhitaji. Nadhani Sidney alikuwa sahihi kuhusu kipimo, hata kama ladha yake ilikuwa kali mno. Swali la kuuliza ni kama jambo lenyewe linamhitaji.

Katika Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare, wachimba kaburi wanahitajika. Wanapigana vijembe kuhusu sheria ya maziko, mmoja anaimba huku akirusha mafuvu juu, na Hamlet anasimama kubishana naye kwa maneno ya mkato kuhusu kaburi ni la nani. Tunajua ni la nani. Tumeshaambiwa kwamba Ophelia, msichana aliyempenda, amezama; Hamlet hajui. Kila jibu la mchimba kaburi linatuchekesha na kutukaba koo, mpaka msafara wa maziko unaingia. Mwaka 1772 mwigizaji mkubwa David Garrick aliigiza Hamlet akiwa amewaondoa wachimba kaburi kabisa, kwa kuona hawafai katika tanzia yenye heshima. Ukiwatoa, Hamlet anaingia makaburini na kukuta msiba, basi. Ukiwabakisha, anakuta msiba baada ya kuuchezea. Tofauti ni kubwa mno.

Mpaka hapa nimezungumzia anayechekesha bila kujua kwamba anachekesha. Kuna yule anayetania kwa makusudi akiwa ndani ya maumivu. Freud alirudi kwenye suala hili katika insha ya mwaka 1927 na kutumia mfano wa mfungwa anayepelekwa kunyongwa siku ya Jumatatu, naye anasema kwamba wiki inaanza vizuri. Mwanasosholojia Antonin Obrdlik aliandika mwaka 1942 kuhusu utani wa namna hiyo uliosambaa Czechoslovakia chini ya uvamizi wa Wanazi; aliuona kuwa dalili ya ari ya watu ambao bado hawajavunjika. Na Viktor Frankl, daktari wa akili aliyepitia kambi za mateso, anasimulia kwamba yeye na rafiki yake waliwekeana ahadi ya kubuni kila siku angalau kisa kimoja cha kuchekesha kuhusu maisha baada ya kuachiliwa. Mojawapo ya visa hivyo ni kwamba siku moja, wakiwa wamealikwa chakula cha jioni kwa watu wenye heshima zao, watajisahau na kumwomba mama mwenye nyumba awachotee supu kutoka chini ya sufuria.

Kaa na mzaha huo kidogo. Kambini, kilichokuwa chini ya sufuria ndicho kilichokuwa na chembe za chakula. Juu kulikuwa na maji. Njaa yote ya kambi imo katika sentensi ile, na imo pia imani kwamba kutakuwa na jioni nyingine, meza nyingine, mwenyeji mwingine. Hakuna maelezo ya kurasa tatu kuhusu njaa yatakayobaki kichwani kama supu hiyo. Mzaha wa aina hii hauwezi kuhamishwa. Ukiupeleka kwenye hadithi nyingine unakufa njiani.

Sasa tuone jinsi jambo hili linavyofanya kazi kwenye ukurasa. Dada na kaka wamekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Mama yao yumo ndani tangu alfajiri. Dada amekwenda nyumbani kumletea nguo na viatu vya kuvaa siku ya kuruhusiwa, naye amerudi na mfuko. Kaka anatoa kiatu kimoja, anatoa cha pili, anaviweka sakafuni sambamba.

"Vyote vya kushoto."

"Nilivichukua gizani. Sikutaka kuwasha taa chumbani kwake."

"Basi akiruhusiwa atazunguka hapo hapo getini."

Wanacheka mpaka muuguzi anatoa kichwa mlangoni kuwatazama.

Mzaha wa kaka si mkubwa. Kicheko chao ni kikubwa kuliko mzaha, na hiyo tofauti ndiyo inayotuambia walikuwa wamebeba nini. Tazama pia kwamba hawajaliacha jambo lao hata kidogo. Ndani ya mzaha, mama ameshapona, ameshafika getini, anatembea. Matumaini yao yameponyoka yakiwa yamevaa nguo za kichekesho, maana wasingethubutu kuyasema waziwazi. Na katikati kuna sentensi ya dada kuhusu taa, ambayo haichekeshi hata kidogo. Ameogopa kukiona chumba kitupu. Kaka amesikia hofu hiyo, na anachomjibu ni utani, kwa sababu ndiyo njia aliyonayo ya kumshika mkono.

Kisha mlango unafunguliwa na daktari anatoka. Lolote atakalosema, vile viatu viwili viko sakafuni. Habari ikiwa mbaya, mwandishi hahitaji kueleza machozi. Inatosha kwamba mtu mmoja lazima ainame avirudishe mfukoni. Ikiwa njema, tutajua ni kitu gani kilikuwa karibu kupotea. Kilichokuwa kichekesho dakika mbili zilizopita sasa ndicho kitu kinachouma kuliko vyote chumbani, na hakuna neno hata moja lililobadilishwa.

Badilisha tukio hilo kidogo uone. Mpe kaka utani kuhusu ugumu wa benchi, au kuhusu masharubu ya mlinzi. Unaweza kuchekesha zaidi, lakini ungekaa vilevile katika hadithi ya kituo cha basi. Au uache mzaha wa viatu, lakini uusogeze baada ya daktari kuleta habari mbaya. Maneno ni yale yale, maana imegeuka: sasa tunamwona mtu akivunjika mbele yetu, na mzigo wote unahamia kwa dada. Akicheka, wamezama pamoja. Asipocheka, kaka yuko peke yake duniani. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri, ila mwandishi awe ameamua. Wengi hawaamui, wanaandika mzaha pale ulipowajia na kuuacha hapo.

Makosa ya kawaida yanatambulika haraka. La kwanza ni shujaa anayetoa kijembe kila anapokabiliwa na kifo. Kwa kufanya hivyo anatuarifu kwamba hayuko hatarini, nasi tunamwamini, na hofu inakwisha. La pili ni mwandishi kuogopa hisia alizoziamsha mwenyewe: tukio limefika mahali pa kuuma, naye anarusha kichekesho ili aondoke upesi. Msomaji anahisi ameachwa katikati ya njia.

La tatu linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo limeenea: mhusika aliyeajiriwa kuchekesha. Hana kingine. Anaingia, anasema la kuchekesha, anatoka. Dawa yake iko katika King Lear, ya Shakespeare pia. Yule mchekeshaji wa mfalme anasema maneno makali kuliko wote. Yeye ndiye anayemwambia Lear usoni kwamba amezeeka kabla ya kupata busara. Ana cha kupoteza, maana amechagua kumfuata mfalme asiye na kitu hadi nje kwenye dhoruba. Kisha, kabla ya tendo la tatu kwisha, anasema maneno yake ya mwisho na hatumwoni tena. Hakuna anayetangaza kuondoka kwake. Tamthilia inaendelea bila kicheko chake, na giza linalofuata lina ukubwa wa nafasi aliyoiacha. Mhusika wa kuchekesha anapaswa kuwa mtu ambaye kunyamaza kwake kutasikika.

Kuna pia swali la nani analipia kicheko. Mzaha unaomcheka aliyeonewa huihamisha hadhira, bila yenyewe kutaka, ikae upande wa mwonevu. Charlie Chaplin mwaka 1940 alitoa filamu ya kumdhihaki dikteta aliyekuwa akiitisha dunia, na kicheko chake kilipanda juu, kuelekea kwa mwenye nguvu. Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964, aliandika kwamba lau angalijua ukweli wa kutisha wa kambi za Ujerumani asingaliweza kuitengeneza. Naheshimu sana kauli hiyo. Mzaha husemwa na mtu anayejua kiasi fulani, kwa watu wanaojua kiasi fulani, na ujuzi ukiongezeka mzaha ule ule unaweza kuwa hausemeki tena.

Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alikwenda njia tofauti. Alianza kuandaa filamu nzito kuhusu vita vya nyuklia kutoka riwaya ya mwaka 1958 isiyo na mzaha, na alipokuwa akiandika aliona kwamba mambo yaliyokuwa ya kweli kabisa yalikuwa pia ya kipuuzi, na kuyaficha kungekuwa uongo. Filamu ya Dr. Strangelove, iliyotoka mwaka 1964, ikawa kejeli. Lakini alipofika mwisho alikuwa amepiga picha za tukio refu la wakubwa wa nchi kurushiana keki za krimu, na akaliondoa. Lilikuwa futuhi tupu, na filamu nzima ilikuwa imesimama juu ya watu wanaojichukulia kwa uzito wote. Majenerali wakianza kufurahia upuuzi wao, hatari inageuka mchezo. Hilo ni somo la kazi kwa anayeandika: mara nyingi mhusika asijue kwamba anachekesha, na akijua, basi awe na sababu ya kutaka kucheka wakati huo.

Kwenye marekebisho, usitazame mzaha wenyewe. Tazama tukio linaloufuata. Futa mzaha, soma tukio lile bila huo. Likibaki na nguvu ile ile, mzaha ulikuwa mgeni. Likipoa, urudishe, hata kama hauchekeshi sana ukiwa peke yake. Msimulizi naye ajizuie. Aandike viatu viwili vya kushoto kama anavyoandika mlango au benchi, kwa sentensi fupi isiyo na vivumishi, kisha aendelee.

Halafu wape tukio hilo wasomaji waliowahi kukaa kwenye benchi kama ile. Watu walioyapitia maumivu fulani ndio hucheka kwanza, na ndio wanaotambua upesi mzaha wa mtu aliyeyatazama kwa mbali. Wao wasipocheka, waulize walikwama kwenye neno gani. Mara nyingi tukio liko sawa, na kilicholiharibu ni neno moja la msimulizi lililojipenyeza kutangaza kwamba hapa pana kichekesho.